Kuchagua masomo ya chuo ukitaka kuwa msanifu wa grafiki

Jina la kozi halikwambii utakachofundishwa. Afrika Mashariki usanifu wa grafiki umejificha nyuma ya majina mengi: Sanaa na Usanifu, Sanaa Bunifu, Multimedia, Teknolojia ya Habari, hata Mawasiliano ya Umma. Vyuo viwili vyenye kozi ya jina moja huweza kutoa wahitimu wasiofanana hata kidogo. Huyu anajua kupanga gazeti, yule anajua kuunganisha nyaya za mtandao. Kwa hiyo chagua masomo yenyewe, moja moja, jina la kozi lije baadaye.

Maelezo haya yanawalenga zaidi wanafunzi wa Tanzania na Kenya.

Hatua ya 1: Andika kazi unazotaka kukabidhi

Kabla ya kufungua tovuti ya chuo chochote, andika vitu vitano ambavyo ungependa kulipwa kwa kuvitengeneza. Viwe vitu, visiwe vyeo. Nembo na kadi za biashara za kampuni ndogo. Majalada ya vitabu vya shule. Vifungashio vya unga na majani ya chai. Skrini za programu ya simu. Matangazo ya sekunde 15 ya mitandaoni.

Kila kitu kina masomo yake. Vitabu na magazeti vinadai taipografia (ustadi wa kupanga herufi na maandishi) na mpangilio wa kurasa. Vifungashio vinadai uchapaji, jiometri ya maboksi na kanuni za lebo. Skrini zinadai kumwelewa mtumiaji, pamoja na misingi ya HTML na CSS, lugha za kutengenezea kurasa za tovuti. Matangazo yanayotembea yanadai kuchora, kusimulia kwa picha na kusikia sauti, pamoja na kompyuta yenye nguvu kuliko aliyonayo mwanafunzi wa kawaida. Vitano vyako vikitawanyika, usihangaike. Mwaka wa kwanza huwa hivyo. Karatasi hiyo itakufaa katika hatua ya 5.

Hatua ya 2: Pata mtaala, usiridhike na kipeperushi

Kwanza hakikisha chuo kimesajiliwa. Tanzania, vyuo vya kati viko chini ya NACTVET na vyuo vikuu viko chini ya TCU. Kenya, TVETA inasimamia vyuo vya ufundi na CUE vyuo vikuu, na nafasi za serikali hupangwa na KUCCPS. Kwa Tanzania, aliyemaliza kidato cha nne huanzia cheti, ngazi ya 4 ya tuzo za ufundi (NTA), kisha 5, kisha 6 ambayo ni diploma. Ni njia ya miaka mitatu hivi. Shahada kupitia kidato cha sita huanzia ufaulu wa masomo mawili ya msingi. Kenya, kwa wenye KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari), shahada huanzia C+ na diploma C-. Somo la sanaa shuleni husaidia, na baadhi ya vyuo hulidai, lakini wengi waliosoma sayansi huingia na kufanya vizuri.

Sasa omba mtaala wenyewe, yaani orodha ya moduli (masomo) za kila muhula pamoja na krediti zake. Chuo kinachosita kukuonyesha orodha hiyo kimeshakujibu. Ukiipata, chukua kalamu za rangi tatu:

- nyekundu kwa moduli ambazo mwanafunzi anabuni kazi na kazi hiyo inakosolewa;
- bluu kwa moduli zinazofundisha programu ya kompyuta;
- kijani kwa moduli za jumla: stadi za mawasiliano, ujasiriamali, maendeleo na kadhalika.

Jumlisha krediti za kila rangi. Tanzania krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, darasani na nje ya darasa, na mwaka mmoja una krediti 120. Moduli ya krediti 12 basi ni saa 120 za maisha yako. Nyekundu ikifika nusu, hiyo ni kozi ya usanifu. Bluu ikizidi robo, unakwenda kusomea matumizi ya kompyuta. Ni elimu halali, ila shule ya usanifu ni kitu kingine. Kijani huwezi kuikwepa.

Ukiweza, kitembelee chuo siku ya masomo. Tazama kuta. Darasa la usanifu lisilo na kazi zilizobandikwa linatia shaka. Omba kuona miradi ya wahitimu wa mwaka uliopita, iliyochapwa na si kwenye skrini tu, na uulize mambo matatu: wanafunzi wangapi wanakosolewa na mwalimu mmoja, karatasi na wino analipa nani, na nani anafundisha uchapaji.

Kwa wanaotaka shahada yenye mizizi ya sanaa, Chuo Kikuu cha Nairobi na Kenyatta vina idara za sanaa na usanifu, Dar es Salaam kuna idara ya Sanaa Bunifu chuoni UDSM, na Makerere kuna shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937. Zote zipitishe kwenye kalamu zako tatu.

Hatua ya 3: Masomo ambayo hayaachwi

Ni manne: kuchora, rangi, taipografia na uchapaji. Moja likikosekana kwenye mtaala, panga tangu sasa utalipata wapi.

Kuchora hakumaanishi kufananisha sura za watu. Msanifu huchora ili afikiri haraka. Somo zuri litakulazimisha utoe michoro midogo 20 ya nembo moja, kila mmoja ukubwa wa stempu ya posta, kabla hujagusa kompyuta. Mchoro wa 3 ni ule ambao kila mtu angeuchora. Kazi huanza kuonekana kuanzia wa 12.

Rangi ifundishwe kwa mkono na kwa wino. Anayejua rangi za skrini peke yake atamwahidi mteja bluu inayong'aa, kisha mashine imletee zambarau iliyopauka. Skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine huchanganya wino wa samawati, majenta (waridi iliyokolea), njano na mweusi, na wino huo haufiki kila mahali mwanga unapofika.

Taipografia ndiyo inayotenganisha dizaina na mtu wa grafiksi wa duka la steshenari, na ndiyo inayofundishwa vibaya kuliko zote, maana mifano mingi ya darasani ni ya Kiingereza. Kiswahili kina tabia zake. Maneno yetu ni marefu: *yatakayowasilishwa* lina herufi 18. Liweke kwenye safu nyembamba ya gazeti, usawazishe kingo zote mbili, na mstari utabaki na mashimo unayoweza kupitisha kidole. Dawa ni kukata maneno mwisho wa mstari, lakini programu iliyoachwa kwenye lugha ya Kiingereza huweza kukata *yatakayow-asilishwa*. Silabi ya Kiswahili huishia kwenye irabu, kwa hiyo kata ni *ya-ta-ka-yo-wa-si-li-shwa*. Kama programu haina kamusi ya Kiswahili, zima ukataji wa Kiingereza na upange maandishi yaanzie kushoto tu.

Kuna na alama ya *ng'*, yaani apostrofi. Wengi huipiga kwa alama ya lafudhi au kwa kile kialama kilichoko juu ya kitufe cha Tab, kisha kwenye bango herufi hukaa zimeachana kama jino lililong'oka. Wengine huiacha kabisa, na *ng'oa* inakuwa *ngoa*, ambayo ni wivu. Mazoezi ya nafasi baina ya herufi nayo yana neno letu la kuyafanyia: liandike WATAWALA kwa herufi kubwa za sentimita 5. W na A, A na T, T na A, karibu kila jozi ina mwanya wa kuzibwa kwa jicho. Mwanafunzi akiweza kulisawazisha neno hilo kwa mkono, nembo nyingi za mjini hazitamshinda.

Moduli ya taipografia inayostahili jina hilo iwe na gridi (mistari ya kupangia ukurasa), ngazi za vichwa, urefu wa mstari (herufi 45 hadi 75 kwa kitabu), nafasi baina ya mistari (asilimia 120 hadi 145 ya ukubwa wa herufi), na angalau kazi moja ndefu ya kurasa 16 au zaidi. Ikiwa ni "aina za fonti" kwa wiki mbili ndani ya somo la Photoshop, ihesabu kuwa haipo.

Hatua ya 4: Soma uchapaji hata kama unataka kufanya kazi za skrini

Vijana huliruka somo hili kwa kuwa wanaona karatasi imepitwa. Tembea Kariakoo, Dar es Salaam, au River Road, Nairobi, asubuhi moja uhesabu mabango, kalenda, risiti, fulana za kampeni na kadi za michango ya harusi. Mkate wa miaka miwili ya kwanza baada ya chuo uko hapo.

Somo likiwa zuri, mwisho wa muhula utayafanya haya bila kuuliza:

Kipeperushi cha A5 ni milimita 148 kwa 210, lakini faili inatoka 154 kwa 216, kwa sababu rangi ya kingo huzidishwa milimita 3 kila upande ili kisu kikiteleza kusibaki mstari mweupe. Maandishi nayo yakae ndani, milimita 5 kutoka mahali pa kukata.

Picha ya ukurasa mzima wa A4 iwe na pikseli (nukta za picha) 2480 kwa 3508, yaani 300 kwa inchi. Bango la mita mbili linalosomwa kutoka ng'ambo ya barabara linatosheka na 100 hadi 150. Picha iliyopita WhatsApp kama picha imeshabanwa. Mteja aitume kama dokumenti.

Maandishi madogo meusi yachapwe kwa wino mweusi peke yake. Yakitoka kwenye rangi za skrini hugawanyika katika wino nne, na sahani za mashine zikikosana kidogo tu, kila herufi inapata kivuli cha rangi.

Kijitabu cha kushonwa kwa pini katikati kina kurasa zinazogawanyika kwa 4. Mteja akileta kurasa 14, ama unapunguza mbili au unaongeza mbili. Afadhali ajue hilo kabla hujaanza.

Karatasi: gramu 80 ya barua, 130 au 150 ya vipeperushi, 300 ya kadi. Ya gramu 300 haikunjwi hivi hivi; hutiwa mkwaruzo wa mashine kwanza, la sivyo wino hupasuka mkunjoni, hasa ukienda kinyume na nyuzi za karatasi.

Kwa atakayeingia kwenye vifungashio, ongeza msimbopau (barcode), ile mistari inayosomwa na mashine ya kaunta. Ukubwa wake wa kawaida wa tarakimu 13 ni milimita 37.29 kwa 25.93, na unaruhusiwa kupunguzwa hadi asilimia 80. Mistari isiwe myekundu: kisomeo hutumia mwanga mwekundu, kwa hiyo mistari hiyo hakiioni na bidhaa inagoma kaunta. Misimbo inayotolewa Tanzania huanza na 620, ya Kenya na 616. Ukiona mwanafunzi amebuni tarakimu mwenyewe ili lebo ipendeze, ujue uchapaji aliuruka.

Hatua ya 5: Chagua bawa moja

Kuanzia mwaka wa pili vyuo vingi vinakupa masomo ya kuchagua. Hapa rudi kwenye karatasi ya hatua ya 1. Chagua upande mmoja, uchukue masomo mawili au matatu ya upande huo kwa kufuatana. Anayeokota moja la uhuishaji, moja la picha za kamera na moja la tovuti anamaliza na vionjo.

Upande wa skrini, hakikisha kuna somo la kuwajaribu watumiaji halisi, si la kuchora skrini nzuri tu. Kipimo cha kawaida cha utofauti wa maandishi na mandhari ni 4.5 kwa 1, na ukiutazama muundo wako kwenye simu ya bei ndogo juani saa saba mchana utaelewa kwa nini kipo. Vitufe vilivyobuniwa kwa neno *Save* havimezi *Hifadhi mabadiliko*.

Upande wa picha zinazotembea, ulizia maabara. Kujifunza uhuishaji kwenye kompyuta ya RAM ya GB 4 ni adhabu. GB 16 na diski ya SSD ndiyo ya kuanzia.

Programu: kiasi gani kinatosha

Moja ya vekta (michoro inayokuzwa bila kuharibika), moja ya picha, moja ya kurasa. Basi. Vyuo hufundisha Illustrator, Photoshop na InDesign. Kwenye maduka ya uchapaji utaikuta CorelDRAW. Kwa skrini ni Figma. Asiye na fedha ya leseni anaweza kujifunza mantiki ile ile kwa Inkscape, GIMP, Krita na Scribus bila kulipa. Canva haihitaji muhula.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni nembo kutengenezwa Photoshop. Inaonekana safi kwenye skrini ikiwa na pikseli 500, mteja anafurahi, kisha anataka bango la mita tatu na nembo inageuka vigae. Nembo ni kazi ya vekta. Mwalimu mzuri atakudai uilete ikiwa imepigwa kama muhuri wa rangi moja, imedariziwa kwenye sweta la shule, na imechapwa kwenye risiti. Mistari myembamba na rangi zinazofifia hufia kwenye uzi.

Masomo yanayodharauliwa

Historia ya usanifu hufundishwa mara nyingi kama orodha ya mitindo ya Ulaya. Ichukue hata hivyo, ila kazi zako za muhula zifanye juu ya vitu vya hapa. Kanga peke yake ni darasa: ina pindo inayofunga pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno, kwenye kisanduku chini ya mji. Ni mpangilio wenye ngazi, fremu na taipografia, unaosomwa mwili wa mvaaji ukiwa unatembea. Upime, uchore gridi yake, linganisha doti tano. Mwalimu yeyote wa historia atakubali mradi huo.

Sheria na biashara kwa kawaida ni moduli moja ya kijani iliyosukumwa mwaka wa mwisho. Ukiruhusiwa kuivuta mbele, ivute, kwa kuwa wateja wataanza kukupigia kabla hujahitimu. Tanzania Bara kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayosimamiwa na COSOTA, na alama za biashara husajiliwa BRELA. Zanzibar husajiliwa BPRA. Kenya kuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001 chini ya KECOBO, na alama ziko KIPI. Ukitoka darasani uwe na mkataba wa ukurasa mmoja unaosema: advansi kiasi gani (nusu ni desturi nzuri), marekebisho mara ngapi, faili zipi zitakabidhiwa, na haki inahama lini. Leseni ya fonti na ya picha nayo iandikwe ni ya nani. Fonti iliyopakuliwa kwa "matumizi binafsi" ikiingia kwenye nembo ya kampuni, deni ni lako.

Fildi na mradi wa mwisho

Mafunzo kwa vitendo, yaani fildi kwa Tanzania na atachimenti kwa Kenya, yapangwe baada ya somo la uchapaji, si kabla. Aliyekwenda bila kujua kuandaa faili huishia kupiga fotokopi wiki nane. Kama kuna awamu mbili, moja iwe kwenye kiwanda cha uchapaji, nyingine kwenye wakala wa matangazo au kampuni ya programu. Omba barua ya chuo mapema, miezi mitatu kabla. Nafasi nzuri hujaa kwa kufahamiana.

Mradi wa mwisho uwe na vitu vinavyofanana na kutofautiana kwa wakati mmoja. Mfano mzuri ni familia ya vifungashio vya unga wa kilo 1, 2 na 5: nembo ile ile, maumbo matatu, maandishi ya lazima, sehemu ya alama ya ubora ya TBS (Tanzania) au KEBS (Kenya), msimbopau, pamoja na bango la dukani. Uchape na ukunje kwa mkono, kisha uupige picha. Huo mmoja unabeba potifolio (mkusanyo wa kazi zako) kuliko mabango 30 ya siku za kuzaliwa. Potifolio yenyewe iwe na kazi 8 hadi 12, na kwa kazi mbili au tatu onyesha michoro ya mwanzo. Mwajiri anataka kuona ulivyofika pale.

Chuo ulichopata kikiwa na pengo

Wengi hawachagui chuo. Hupangiwa au hufuata ada. Basi ziba pengo moja kwa kila likizo. Taipografia haipo: chukua gazeti la Kiswahili, upange upya ukurasa wake mmoja kila wiki kwa wiki kumi, ukitumia maandishi yale yale. Uchapaji haupo: Tanzania, baadhi ya vyuo vya ufundi stadi vya VETA vina fani ya uchapaji, na kiwanda kidogo cha mtaani kitakupokea mwezi mmoja ukikubali kuosha mashine. Kuchora hakupo: kijitabu cha A5 na penseli ya 2B, mchoro mmoja kila siku wa kitu kilicho mbele yako.

Vyuo vingi huruhusu kubadili masomo ya kuchagua katika wiki za kwanza za muhula. Hudhuria kipindi cha kwanza cha kila somo unalolifikiria na umwombe mwalimu orodha ya kazi za muhula. Somo lenye kazi nne za kukabidhi na kukosolewa ulichukue. Lenye mtihani wa maandishi tu lipishe mwingine, halafu upeleke fomu ya mabadiliko kabla dirisha la usajili halijafungwa.